Wali wa Wakwe

Jana kwenye treni ya kwenda Bredäng, kitongoji cha huku Uswidi, mama mmoja Mkongo aliketi kando yangu, amepakata bakuli la wali uliookwa kwa maziwa na matufaha, chakula cha Austria wanakotoka wakwe wa bintiye. Akampigia binti simu, spika wazi, behewa zima likasikia.

"Niko njiani. Ila wali haukushikana, niliupika wa kuchambuka kama wetu."

Binti akajibu kwa Kiswidi kwamba mama mkwe ameleta wake, na wameshakula.

"Basi nije kuwasalimia tu?"

"Siku nyingine, mama."

Mama akakata simu, akafunua foili, akanisogezea bakuli. "Kula, baba. Kwetu mtu harudi nyumbani na chakula alichopikia wakwe."

Nikala kwa vidole. Ulikuwa mtamu. Heri ungekuwa mbaya. Angalau ningemwelewa yule binti.