Shavu la Ushahidi

Muuza vipodozi wa mtaani kwetu hupaka krimu yenye asidi ya hayaluroniki kwenye shavu la kushoto pekee. Kila asubuhi hulilowesha kwanza kwa maji, kwa kuwa kazi ya asidi hiyo, asemavyo, ni kuyashika maji ngozini. Kisha huligongagonga polepole kwa vidole viwili. Shavu la kulia huliachia ukavu na mikunjo yake, ili wateja wanaoshuka kutoka milima ya Uluguru, nyuso zimekaushwa na baridi, walinganishe wenyewe. Jumamosi iliyopita nilikuwapo dukani alipoingia kijana wa Turiani, aliyekuja kujitambulisha kwa mama wa mchumba wake. Alimkuta muuzaji amegeukia rafu, shavu la kushoto likiwa upande wa mlango.

"Mambo, dada! Mama yupo?"

Aligeuka taratibu, mpaka shavu la kulia likaonekana lote. "Mama ndiye mimi."

Kijana aliinama, akashika magoti. "Shikamoo, mama! Nisamehe, sikujua."

"Marahaba. Binti yangu humpati na ngozi kavu namna hiyo. Hebu sogea hapa."

Kijana aliondoka shavu la kushoto liking'aa peke yake, naye ameamriwa asilipake la kulia hadi siku ya harusi.