Maji ya Moto ya Mama Mkwe

Mwaka ule mume wangu alipoachishwa kazi bandarini, mamake alipatwa na kiharusi, tukamleta kwetu Kisauni. Mama alihisi baridi mchana kutwa, hata joto la kaskazi lilipotutoa jasho sisi wengine. Maji ya moto yalitakikana kila mara: ya kumwogesha, ya kumkanda mkono uliolala, ya chai ambayo hakuimaliza.

Mume wangu alikuwa fundi wa makontena ya friji. Kukaa bure kulimla. Siku moja nilirudi kutoka Kongowea, ninakouza vitunguu, nikamkuta jikoni amechomoa kila kitu ukutani, hata friji, ameacha birika la umeme likinguruma peke yake.

"Wafanya nini?"

"Napima," alijibu bila kugeuka. "Nataka kujua ni kipi kichemshacho maji bila kupoteza moto."

Alichemsha jagi moja la maji ya mfereji kwa birika, akasoma mita. Akarudia kwa sufuria juu ya jiko la umeme. Mtungi wa gesi aliubeba hadi kwenye mizani ya duka la jirani, kabla ya kuuwasha na baada yake. Birika ndilo lililoshinda, akanieleza, maana moto wake unaingia moja kwa moja kwenye maji. Jiko la umeme hujipasha lenyewe kwanza, na ukishaitoa sufuria, linabaki na moto wa bure. Gesi nayo, mwali wake mwingi hupanda ubavuni mwa sufuria ukapotelea hewani. Usipofunika, ndio kabisa. Alizungumza kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu aache kuamkia kazini. Mimi nilikuwa nimechoka, nikaitikia tu.

Kisha akaanza kunichunga. Nikijaza birika, anapunguza. "Wataka kikombe kimoja, ya nini kuchemsha vinne?" Alisema kweli, lakini ukweli wake ulinichosha. Tukawa tunagombana kwa sauti ya chini, mama asisikie.

Alisikia. Jioni moja aliniita, nikaitika, "Abee, mama."

"Mwache," alisema kwa ulimi mzito. "Hana jengine la kunifanyia."

Tangu hapo maji ya kumwogesha mama niliyaacha mikononi mwa mwanawe. Hakuyachemsha, aliyapasha kiasi cha kuoga tu, akayajaribu kwa kiwiko. Asubuhi moja aliingia na beseni, akachovya kitambaa, akamfuta mama mguu.

"Mai haya yana baridi, mwanangu."

Akayarudisha jikoni, akaongeza ya moto. Mama akasema vile vile. Akaongeza tena. Niliutia mkono wangu nikautoa upesi, yalikuwa yanaunguza.

"Bado ni baridi," mama alisema, kwa upole, kama anayemwomba radhi.

Mume wangu akaketi sakafuni kando ya kitanda, akalia. Mama alimtazama, akaunyosha mkono ulio mzima, haukumfikia.

Mama hakukaa sana baada ya hapo. Alifariki alfajiri, na kabla ya jua kupanda uani kulishajaa wanawake. Waliwasha makaa, wakateleka sufuria kubwa ya maji ya kumwoshea, wazi, bila kifuniko. Mume wangu alisimama mlangoni akitazama mvuke ukipaa. Nilitaraji atasema neno juu ya ule moto uliokuwa ukipotea.

"Yasiwe ya moto sana," alisema. "Ngozi yake ni laini."

"Usitie shaka, baba," mmoja wa waoshaji alimjibu. "Twajua."

Alizikwa siku ile ile, baada ya sala ya adhuhuri. Matanga yalipokwisha, mume wangu alikifungua kitanda cha mama vipande vipande, akakipeleka kwa jirani aliyekuwa na mgonjwa. Kazi hajapata hadi leo. Asubuhi nikitoka kwenda sokoni, namwacha ameketi kwenye mkeka katika chumba cha mama, dirisha halijafunguliwa. Namuaga, ananiitikia, nami nashika njia ya Kongowea.