Ziwa Langu la Kitengela

Wanaume wa kwaya yetu wanaamini mimi ni mvuvi hodari, kwa sababu kwetu ni karibu na ziwa na niliwaambia nimevua tangu utotoni. Ukweli ni kwamba samaki namjua akiwa kwa sahani. Kwa hivyo walipopanga twende kuvua Loitokitok, nikamtafuta kwa siri Lemayian, mtu wa huko anayeongoza wageni mtoni, anifundishe kwa simu kabla ya safari.

"Fanya mazoezi ya kurusha," aliniambia, "lakini toa ndoano."

Sikutoa. Nilitaka kuzoea uzito wake.

Alfajiri nikapanda na fimbo ya kuvulia juu ya paa la ploti yetu, ghorofa tunamopanga, na kumpigia anielekeze, simu nikiiweka kwa spika. Ukungu ulikuwa umefunika Kitengela yote, mweupe, umetulia, nikasahau kabisa kwamba chini yake kuna nyumba za watu. Lilikuwa ziwa, na mimi nilikuwa mvuvi kweli. Nikafumba macho, nikarusha.

Uzi ukakazika.

"Nimeshika!" nikapiga kelele. "Na anavuta!"

"Usimwachilie! Mvute polepole!"

Nikavuta. Kutoka kwa ukungu ikapanda kanzu nyeupe ya kwaya, mikono imetanuka kama malaika anayerudi nyumbani. Chini yake, kwenye balkoni yake ya ghorofa ya chini alikokuwa akianika nguo, mwalimu wetu wa kwaya, Mama Imani, alikuwa ameng'ang'ania pindo, ananitazama.

"Umeona?" Lemayian akashangilia kwa spika. "Sasa hao watu wa kwaya hawatajua hujawahi kuvua hata siku moja!"