Swali la Maziwa

Katikati ya miaka ya themanini, mwaka ambao mvua zilituruka, tuliitwa Kilifi kwa mafunzo ya siku tatu. Sote tulikuwa madaktari wa mifugo wa pwani, wengi tukiwa tumetoka chuoni zamani, na tulitakiwa kukumbushwa mambo mawili: namna ya kumlisha ng'ombe nyasi zikikauka, na magonjwa yanayotoka kwa mnyama yakaingia kwa mtu. Tulikutana katika ukumbi mmoja wa Kibarani, wenye ubao mweusi na feni iliyokuwa ikizunguka pale umeme ulipopenda.

Siku ya kwanza ilikuwa ya lishe, na mimi nilikuwa na la kusema. Majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa nimeitwa Ganda na mama mmoja mjane. Ng'ombe wake watatu walikuwa wametupa mimba, mmoja baada ya mwingine. Niliwakuta mbavu zinahesabika, wakitafuna mabua makavu. Nilimwambia mama, "Hakuna neno, ni njaa tu," nikamwelekeza awape mashudu ya nazi na chumvi. Kwenye fomu, mahali pa sababu, nikaandika: lishe duni. Kisa hicho nilikieleza ukumbini kwa mpangilio, na mkufunzi alikipenda, akakiandika ubaoni kiwe mfano. Wenzangu wakanipachika jina. Wakati wa chai, mmoja aliyetoka Mariakani alinisogezea sahani ya mahamri.

"Bwana Lishe, kula ushibe. Tusije tukasikia na wewe umetupa mimba."

Nilicheka pamoja nao.

Siku ya pili alisimama mkufunzi mwingine, mtu mzima wa bara, mwenye sauti ya chini. Aliusoma mfano wangu ubaoni na hakuufuta.

"Mimba tatu," alisema, "zote kubwa, boma moja, juma moja. Yawezekana ni njaa. Lakini damu ilipimwa?"

"Haikupimwa," nilisema.

"Na kondo la nyuma, nani alilishika?"

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kondo la ng'ombe wa tatu lilikuwa limekwama, likining'inia. Aliyelivuta ni mkamwana wa yule mama, kwa mikono mitupu, huku mimi nimesimama kando nikimwambia avute polepole. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Nililiona tumbo lake, na wala halikunipa wazo lolote.

Mkufunzi aliendelea kusema. Ugonjwa wa kutupa mimba humpata mtu kwa kushika uchafu wa uzazi na kwa kunywa maziwa mabichi. Homa huja na kuondoka. Jasho, maumivu ya viungo. Mja mzito naye aweza kumpoteza mtoto. Dawa ipo, ikiwahi. Wenzangu walikuwa wakiandika. Mimi niliiweka kalamu mezani.

Niliomba ruhusa. Mkufunzi alinipa chupa ndogo ya dawa ya kupimia damu ya ng'ombe, na asubuhi iliyofuata nilikuwa Ganda. Njia nzima nilijifariji: huenda ni njaa kweli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi? Mashudu yako wanayala, waone."

Kweli, ng'ombe walikuwa wameanza kupata nafuu. Nilifungua daftari.

"Mama, maziwa mnachemsha?"

"Twachemsha."

"Kila siku?"

"Mpaka yafure. Watudhani sisi watoto?"

Niliandika: yanachemshwa. Moyo ukanitulia. Hivyo ndivyo nilivyojaza fomu zangu miaka yote, swali moja na jibu moja. Nilikuwa nafunga daftari mkamwana alipotoka jikoni na kibuyu. Akakitikisa, akajimiminia kikombe cha kitu cheupe, kizito.

"Na hayo je?" niliuliza.

"Hayo si maziwa," alisema mama. "Huo ni mtindi."

"Mtindi nao mnachemsha?"

Akacheka hadi akashika kiuno. "Maziwa ukiyachemsha, mtindi mzuri utaupata wapi? Daktari mzima hujui?"

"Nani anaunywa?"

"Huyo. Tangu ashike mimba hataki kitu kingine."

Nilimtazama yule mkamwana. Jua lilikuwa kali, naye amejitanda leso mbili. Nilimwomba aweke kikombe chini kwanza, nikamuuliza kama ana homa.

"Homa ndogo. Jioni yaja, asubuhi yaondoka. Nimemeza vidonge vya malaria vya dukani."

"Na mgongo?"

"Mgongo ni mimba hii."

Kila nililouliza lilikuwa na jibu lake jepesi, na kila jibu lilinizidishia hofu. Nilisema twende hospitali sasa hivi.

"Leo daktari wa ng'ombe amekuwa daktari wa watu?" alisema mama kwa mzaha. Kisha aliniangalia usoni, akaacha kucheka, akaingia ndani kumchukulia mkwewe nguo.

Hospitalini Malindi nilimweleza daktari yote, hata lile la mimi kusimama kando. Walimlaza, wakatoa damu, wakamwanzishia dawa bila kungoja majibu. Alasiri nilirudi Ganda kuchukua damu ya ng'ombe. Asubuhi, ofisini, niliweka tone la maji ya damu ya ng'ombe wa kwanza juu ya kigae cheupe, nikachanganya na tone la dawa ya rangi ya waridi. Kabla sijamaliza kukitikisa kigae, rangi ikajikata vipande vipande, ishara kwamba ugonjwa upo. Wa pili vivyo hivyo. Na wa tatu.

Nilimkuta mama wodini, amekaa kando ya kitanda. Nilimwomba tutoke nje, nikamweleza.

"Wewe ulisema ni njaa," alisema.

"Nilisema, mama. Nilikosea."

"Na mtoto?"

"Sijui."

Majibu ya damu ya mkamwana yalipotoka, yalikuwa yale yale. Kuanzia hapo, kwa majuma kadhaa, nilipita wodini kila siku kabla ya kazi. Nilikuwa nikisimama mlangoni kwanza, nihakikishe kitanda kina mtu. Asubuhi moja hakikuwa na mtu, na shuka zilikuwa zimeondolewa. Nilishindwa kumuuliza muuguzi. Nilibaki nimeshika fremu ya mlango mpaka nikamwona mama anakuja kutoka upande wa wodi ya wazazi, amekumbatia kitu kidogo kilichofungwa leso.

Alikuwa wa kiume, amezaliwa kabla ya siku zake, na alikuwa akipumua. Mama alifunua leso nimwone uso. Nilinyoosha mikono. Akamfunika tena, akasema mkwewe hajambo, akapita naye.