Siku Niliyompisha Mama Mkwe Ndani ya Mwamba

Hii nilikuwa nimeapa kwenda nayo kaburini, lakini kwa kuwa shangazi za mke wangu wameshaimwaga Butembo nzima, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili nimuoe Kavira, na watu wa kwao Vulamba wakanialika tukatembee mlimani, kwenye korongo la mawe ya chokaa, jembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani bila kukumbatiana. Kwetu, mnajua, mkwe na mama mkwe hawagusani wala hawatazamani usoni. Ukikutana naye unaacha njia, ndiyo heshima. Na baba yake Kavira alikuwa bado ananipima (akijiuliza: huyu muuza vitenge wa Beni, aliyefiwa na mama akiwa mdogo, nani alimlea?), kwa hiyo siku hiyo sikutaka kosa hata moja.

Nikatangulia. Katikati ya korongo, nani anatokea mbele? Mama mkwe, akija kutoka upande wa pili. Nyuma yangu shangazi watatu, basi nikaona ufa pembeni, nikajichomeka uso mbele, mabega yakakwama, nikajivuta kwa nguvu na suruali ikapasuka kuanzia mshipi kwenda chini (na huko nyuma ndiko kulikobaki nje). Shangazi wakaanza kucheka.

"Mutoto, uko unafanya nini mule?" mama mkwe akauliza.

"Mama, minakupisha," nikauambia mwamba.

"Utakufa mule juu ya heshima?"

Akafungua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni, akanishika mkono, akanivuta. Nikatoka mweupe kama gunia la unga wa muhogo, nalia, wala si kwa maumivu. Tangu mama afariki hakuna aliyewahi kunifunga nguo.

Ndipo baba mkwe akafika. "Donc, munashikana mikono sasa?"

Nikajua harusi imekwisha.

"Hapana mugombeza," mama mkwe akasema. "Miye pia nilikuwa natafuta fasi ya kujificha, ye njo alinitangulia."

Mzee akakitazama kile kitenge kiunoni mwangu. "Ataleta mbuzi ya kusafisha hii kosa ya kugusana," akasema. "Harusi inabakia."

Mbuzi nilimpeleka, na ufa wowote duniani sitauingia tena. Mama nikikutana naye njiani bado nageuza uso inavyotakiwa, ila siachi njia. Nasimama tu nimsikie akipita, na akipita polepole nafurahi.