Bwawa Lililogeuka Tui

Nilifundisha kemia miaka thelathini na miwili, na muda wote huo hakuna maji yaliyowahi kunishinda. Maji ya chokaa, maji ya chumvi, maji yenye asidi, yote yalikaa ndani ya bilauri yakafanya nilichoyaamuru mbele ya watoto arobaini. Kisha nikastaafu. Mwanangu wa kwanza, ambaye anafanya kazi Uarabuni, akatujengea mimi na mama yake nyumba hapa Pangani, na nyuma ya nyumba akachimba bwawa la kuogelea.

Bwawa lenyewe lilikuwa na sababu. Magoti ya mke wangu yalikuwa yamechoka, hata kuswali alikuwa anaswali juu ya kiti, na daktari alimwambia aogelee. Bahari haiko mbali na kwetu. Lakini mke wangu ni mzaliwa wa Pemba, na amekulia kando ya maji bila kuyaingia kupita magoti hayo hayo, maana kwao wavulana waliogelea na wasichana wakawashikia nguo. Kujifunza ukubwani, tena mbele ya wavuvi na vijana wa bodaboda, hakutaka hata kusikia.

"Kama ni kuzama," alisema, "nizame kwa stara, ndani ya ua wangu."

Mwalimu wake nilikuwa mimi. Nilisimama ukingoni na viatu vyangu, nikamweleza kwa nini kitu huelea na kwa nini kingine huzama. Alinisikiliza kwa adabu huku mikono yote miwili imeng'ang'ania ukingo. Baada ya majuma matatu alithubutu kuachia mkono mmoja, nami nikajipongeza.

Ndipo maji yakaharibika. Ilinyesha mvua ya siku nne, kisha wajukuu wakaja kwa sikukuu wakaogelea na mchanga wa Pangani nzima mwilini. Walipoondoka, maji yalikuwa na ukungu kidogo, kama glasi iliyopuliziwa pumzi. Nikaongeza maji ya kisima, nikatia klorini ya unga. Kesho yake vigae vya chini havikuonekana vizuri. Nikatia tena. Siku ya tatu havikuonekana kabisa. Nikaona dawa haijatosha.

Mke wangu alisimama mlangoni na kanga yake ya kuogea, akatazama.

"Limekuwa tui," alisema.

"Ni hatua ya mpito."

"Kwetu maji ya kisima yakichafuka tulikuwa tunatia shabu. Unalikoroga jiwe lake kidogo tu kwenye mtungi, uchafu unashuka."

"Mama, bwawa si mtungi," nikamjibu, kwa ile sauti niliyokuwa nikiwajibia wanafunzi wa kidato cha kwanza.

Hakubishana. Jumamosi ile alifunga mkoba wake, akavuka kwa kivuko kwenda Ushongo kumtazama dada yake aliyeolewa huko. Alisema atakaa siku tatu. Alikaa majuma mawili na siku kadhaa, na sikuona ajabu yoyote, kwa sababu nilikuwa na kazi. Niliendesha pampu kutwa nzima. Nilisugua kuta kwa brashi mpaka bega likavimba. Nilitia klorini asubuhi, nikatia jioni, na kadiri nilivyotia ndivyo maji yalivyozidi kuiva. Kunguru mmoja alitua ukingoni, akayatazama, akaruka bila kunywa.

Mke wangu alipiga simu kila baada ya siku mbili.

"Maji yamekuwa meupe?"

"Meupe sana," nikamjibu, na sikusema uongo.

Siku aliyorudi, hakurudi peke yake. Alifuatana na mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu, amevaa dera na viatu vya mpira, mkononi kashika kikapu cha ukili. Mke wangu akasema huyu ndiye anayetunza bwawa la nyumba ya wageni iliyo jirani na kwa dada yake, na kwamba amemwomba aje atutazamie letu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema yule mwanamke.

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Ulinifundisha kemia kidato cha tatu. Ulinipa sifuri."

Alilisema hilo bila kinyongo, kama mtu anayetaja mtaa aliokulia. Sikumkumbuka, na nadhani hilo ndilo baya zaidi. Nilicheka kidogo, nikasema labda alikuwa hasomi. Akasema alisoma, ila alikuwa anakaa nyuma na haoni ubaoni, na siku moja aliponyoosha mkono kuuliza, nilimwambia yeye kemia atakutana nayo kwenye beseni la kufulia. Darasa zima lilicheka. Mke wangu alinitazama, kisha akaingia ndani kuchemsha chai.

Yule mwanamke alipiga goti ukingoni, akachota maji kwa kichupa cha plastiki, akadondoshea matone ya dawa. Maji yakageuka rangi ya zambarau.

"Maji yako alikali imezidi, mwalimu. Kisima chenu kimechimbwa wapi?"

"Hapo nyuma, kwenye mwamba."

"Mwamba wa matumbawe. Basi maji yamejaa chokaa tangu yanatoka chini. Na hii klorini ya unga nayo ina chokaa yake. Kila ukitia, unaongeza weupe."

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kwa miaka thelathini na miwili, kila mwaka, nilimwita mtoto mmoja mbele, nikampa mrija apulizie maji ya chokaa, na darasa likashangilia yakigeuka maziwa. Nilijua sababu yake kwa lugha mbili. Na sasa nilikuwa nimelirudia jaribio lile nyuma ya nyumba yangu, kwa kipimo cha bwawa zima, bila kulitambua.

Alifungua kikapu, akatoa dumu dogo la asidi na glovu. Nikainuka haraka.

"Angalia! Asidi ndiyo inatiwa kwenye maji, si maji—"

"—kwenye asidi," akamalizia. "Hilo ndilo somo lako moja lililonikaa. Limeninusuru macho mara nyingi, asante."

Alitia asidi kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji, akaizungusha bwawani. Pampu ikafanya kazi mpaka alasiri, akapima tena, akaridhika. Kisha akaniambia niizime. Akatoa kwenye kikapu shabu iliyosagwa, akaikoroga, akaimwaga bwawani kote. Mke wangu alikuwa ameshika kikombe chake cha chai. Alinitazama mimi, hakulitazama bwawa.

Mgeni alilala kwetu. Asubuhi tulipotoka, weupe wote ulikuwa umelala chini kama shuka, na juu yake maji yamesimama yanang'aa. Nikataka kuyafagia yale matope kwa brashi. Akanizuia mkono. Alichukua mrija wa kufyonzea, akautembeza polepole sana, uchafu akautoa nje kabisa badala ya kuupitisha kwenye chujio. Ilichukua nusu ya asubuhi. Nilishika mrija na kuambiwa nisivute.

Siku iliyofuata dawa ilikuwa imekaa sawa, na mgeni wetu akasema tunaweza kuoga. Mke wangu akaingia na nguo zake ndefu za kuogelea. Nikavaa miwani, nikasogea ukingoni tayari kuendelea tulipoishia. Hakushika ukingo. Alitembea hadi katikati, akalala chali, akatandaza mikono, akaelea.

"Nani kakufundisha?"

"Huyu hapa. Baharini, alfajiri, wanawake peke yetu."

"Alikueleza nini?"

"Hakunieleza. Aliniwekea mkono mgongoni, halafu akautoa."

Alielea kwa muda, kisha akasema maji haya hayambebi kama yale ya chumvi. Nilikuwa na maelezo kamili ya jambo hilo, nami nikayatoa, kwa urefu. Masikio yake yalikuwa ndani ya maji.

Kabla hajaondoka, nilimwomba yule mwanamke radhi kwa maneno ya darasani. Nilikuwa nimeandaa hotuba, lakini ilitoka sentensi moja tu, tena yenye kigugumizi. Akasema yamepita. Kisha akaniagiza nioshe chujio kila juma, na nisitie dawa bila kupima kwanza. Hayo aliyarudia mara mbili, taratibu, kama anayemsemesha mtu wa nyuma ya darasa.

Nimeyafuata. Kila asubuhi napima, naosha, nasugua. Juzi mwanangu alipiga simu kuuliza hali ya bwawa. Nikamwambia ni safi kabisa, sindano ikianguka chini utaiona.

"Na mama anafurahia?"

"Anafurahia sana," nikamwambia. "Yuko Ushongo."