Sebule ya Mtalaka

Jirani yetu wa Temeke, fundi cherehani, alipoachika alianza kuipaka sebule yake rangi ya kijani. Kila jioni alipaka kipande, akarudi nyuma hatua mbili kutazama, kisha akafuta kidole gumba kwenye pindo la kanga. Mnadani alinunua viti viwili vya kale vya Mzungu aliyekuwa akirejea kwao, akavisugua kwa msasa mwenyewe. Ijumaa moja mumewe wa zamani akasimama mlangoni na sanduku la nguo.

"Nimerudi, mke wangu."

"Karibu chai, bwana. Keti hapo barazani."

Akamletea chai, akangoja anywe yote. Kisha akapokea kikombe, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Tukamsikia akisogeza ngazi ukutani.